Gemu Lisilokuambia Kitu: Uzuri na Kasoro za Another World

Mwanafizikia kijana, Lester Knight Chaykin, anafika kazini usiku kwa gari la kifahari huku radi zikipasua anga. Anashuka kwa lifti hadi maabara iliyo chini ya ardhi, anakaa mbele ya kompyuta, anafungua kopo la kinywaji na kuanzisha jaribio la kugonganisha chembe. Radi inalipiga jengo. Mwanga unalipuka, na pale alipokuwa ameketi panabaki shimo tupu. Kinachofuata ni Lester na meza yake wakizama ndani ya maji ya sayari nyingine. Mchezaji wa mara ya kwanza anaendelea kutazama, maana mpaka hapo alikuwa akioneshwa filamu. Wakati anatazama, mikono mirefu ya kiumbe fulani inapanda kutoka kilindini na kumvuta Lester chini. Amekufa. Filamu ilikuwa imekwisha sekunde kadhaa nyuma, pedi ya kuchezea ilikuwa tayari mikononi mwa mchezaji, na hakuna aliyemwambia aogelee.

Gemu lenyewe ni Another World, kazi ya Mfaransa Éric Chahi, lililotolewa na kampuni ya Delphine Software mwaka 1991 kwa kompyuta za Amiga na Atari ST. Amerika Kaskazini liliuzwa kwa jina la Out of This World. Ni gemu la kukimbia, kuruka na kukwepa, linalotazamwa kutoka ubavuni, skrini moja baada ya nyingine. Watu wanaolizungumzia hadi leo hupanga maoni yao katika mafungu mawili: huku sifa (picha, hali ya upweke, ukimya, ujasiri), kule lawama (linaua bila huruma, ni fupi, vidhibiti vinachelewa, unarudishwa mbali ukifa). Kisha wanajumlisha na kutoa, wanafikia alama fulani kati ya kumi. Mimi naona hesabu hiyo inapotosha. Sifa na lawama za gemu hili zimeota kwenye shina moja, na asiyeona shina atapendekeza kukata lile tawi lenye matunda.

Shina hilo ni uamuzi wa kutokumwambia mchezaji kitu. Hakuna alama zinazohesabiwa pembeni ya skrini. Hakuna mstari wa uhai, hakuna ramani, hakuna maandishi ya kuelekeza. Wenyeji wa sayari ile wanasema lugha yao na haitafsiriwi. Lester hajui yuko wapi, wala sisi hatujui. Lakini ukimya huo si wa aina moja, na ninavyoona mimi ugomvi wote kuhusu ubora wa gemu hili unatokana na kuchanganya aina zake.

Kwanza tuangalie picha, kwa sababu ndizo zilizowafanya watu wasimame mbele ya dirisha la duka mwaka 1991. Kabla ya hapo Chahi alichora picha za gemu jingine la Delphine, Les Voyageurs du Temps, lililotoka 1989. Wakati huo magemu mengi yalichora wahusika kwa kuhifadhi kila mkao kama mkeka wa nukta. Mkao mmoja wa kuinua mguu, picha moja. Mkao unaofuata, picha nyingine. Mhusika akiwa mkubwa na mwendo wake ukiwa laini, kumbukumbu ya kompyuta inajaa haraka, na Amiga 500 ilikuwa na nusu megabaiti tu. Chahi aliona Dragon's Lair, gemu lenye michoro ya katuni kamili, likihamishiwa kwenye Amiga kwa kutumia flopi nyingi, akawaza kwamba mwendo wa namna hiyo ungeweza kupatikana kwa njia nyepesi zaidi: poligoni. Badala ya kuhifadhi maelfu ya nukta, unahifadhi pembe za umbo na rangi yake, kisha kompyuta inajaza katikati. Paja ni pembe chache. Uso ni pembe chache. Umbo lile lile linaweza kukuzwa mpaka likajaza skrini bila kuhitaji picha mpya.

Hapo ndipo zilipotoka zile picha za karibu ambazo hazikuwa kawaida enzi hizo: kidole kikibonyeza kitufe, mkono ukiokota bunduki kutoka sakafuni, ukucha wa mdudu ukipenya suruali na kuchana ngozi ya mguu. Mwendo wa Lester ulitokana na mwili wa kweli. Chahi alijirekodi kwa kamera ya video, kisha akafuatisha maumbo juu ya picha zile, mbinu inayoitwa rotoskopi. Jordan Mechner alikuwa amefanya jambo linalofanana na hilo kwa kumrekodi mdogo wake alipotengeneza Prince of Persia ya 1989. Tofauti ni kwamba Chahi hakuwa na nafasi ya mapambo hata kidogo. Rangi zilikuwa 16 kwa skrini. Nyuso hazina macho wala mdomo wa kueleweka. Na bado unamjua Lester ameshtuka, amechoka au anaogopa, jinsi unavyomtambua jirani yako kwa mwendo akiwa bado mbali jioni, kabla sura yake haijaonekana.

Kwa hiyo uhaba wa maelezo kwenye picha ni sehemu ya hali ile ya ugeni. Mlima wa mbali ni umbo la bluu iliyokoza. Mji unaoonekana kupitia dirisha la gereza ni minara kadhaa na mwanga. Jicho lako linamalizia kazi, na linachomalizia linakuwa la kwako. Michoro ya kisasa inayokuonesha kila jani haiwezi kukufanyia hivyo. Hii ni aina ya kwanza ya ukimya, na sioni mtu mwenye akili akiilaumu.

Muziki unafuata mkondo huo huo. Jean-François Freitas alitunga muziki wa utangulizi na wa mwisho. Katikati, kwa sehemu kubwa, unasikia hatua, upepo, milango, na sauti ya leza. Kampuni ya Marekani ya Interplay ilipohamishia gemu kwenye konsoli (mashine za kuchezea gemu) za Super Nintendo na Sega mwaka 1992 iliongeza muziki ndani ya mchezo wenyewe, na ikataka pia kubadilisha muziki wa utangulizi. Chahi amesimulia jinsi alivyopinga hadi kuwatumia faksi isiyo na mwisho, karatasi iliyokuwa ikizunguka na kurudia ombi moja: muziki wa mwanzo ubaki. Ukabaki. Ukicheza toleo la konsoli leo, ngoma zikigonga juu ya mapango ambayo yalitakiwa kuwa kimya, unaelewa kwa nini alikasirika. Hofu inapungua. Unakuwa unacheza gemu tu, na huhisi tena kwamba umepotea.

Sasa tuingie kwenye vifo.

Chahi alitengeneza gemu hili kwa takriban miaka miwili, na alilitengeneza kwa kufuata mfuatano, kuanzia mwanzo kwenda mbele, bila kuwa na hadithi nzima mkononi. Akimaliza tukio moja, anajiuliza nini kingefuata. Utaratibu huo unaonekana wazi kwa anayecheza. Karibu kila skrini ina wazo lake: bwawa, ruba weusi wanaotambaa, mnyama anayekukimbiza, kizimba kinachoning'inia, lifti, mabomba ya hewa, mapango, mafuriko, gari la vita. Wazo likitumika, linaachwa. Mshangao hauishi, na ndiyo maana saa moja ya gemu hili inabaki kichwani kuliko saa arobaini za magemu mengi.

Lakini tazama gharama yake. Gemu la kawaida la kuruka linakufundisha kuruka shimo dogo, kisha kubwa, kisha kubwa lenye adui ng'ambo. Ujuzi unarundikana. Ndani ya Another World ujuzi wa skrini hii mara nyingi unakufa na skrini hii. Kuogelea juu kwa haraka hakukusaidii kuwapiga teke ruba, na kuwapiga teke ruba hakukusaidii kumkwepa mnyama. Pasipo maelekezo na pasipo ujuzi unaorundikana, mwalimu anayebaki ni mmoja: kufa. Hiyo ndiyo sababu ya kasoro hii, na wanaosema Chahi alipenda tu kuwatesa watu wanakosea. Mtu hawezi kudai kila skrini iwe mpya kabisa na papo hapo kila skrini iwe imekufundisha mapema.

Je, vifo hivyo ni vya haki? Hapa lazima tutenganishe. Chukua yule mnyama mweusi mwenye umbo la simba. Unapotoka tu bwawani, anaonekana juu ya jabali kwa nyuma, amesimama, anakutazama. Kisha anaondoka. Skrini chache baadaye anatua mbele yako. Ukigeuka na kukimbia, unarudi njia yote uliyokuja nayo hadi ukingoni, unarukia mmea unaoning'inia kama kamba, unaokubembeza na kukurudisha upande wa pili, unakimbia tena, mpaka watu waliojifunika vichwa wanampiga risasi. Wengi hufa mara kadhaa hapa. Hata hivyo gemu lilikuonya kwa njia yake: lilikuonesha mnyama kabla, likakupitisha ukingoni kabla, na linakuacha uamini silika yako ya kwanza, yaani kukimbia. Kila kifo kinakupa kipande cha njia. Ni kigumu, lakini ni cha haki.

Kizimba ni kizuri zaidi. Unaamka umening'inizwa pamoja na mfungwa wa sayari ile, jitu lisiloelewa neno lako. Hakuna anayekuambia ufanye nini. Unasukuma pedi kushoto na kulia kwa sababu hakuna kingine cha kufanya, kizimba kinaanza kubembea, mlinzi anakuja kukaripia, mnyororo unakatika, kizimba kinamwangukia. Mnatoka pamoja, na kuanzia hapo urafiki unajengwa kwa vitendo vitupu: yeye anahangaika na kufuli, wewe unawazuia walinzi; wewe unakwama, yeye anarudi. Hakuna sentensi hata moja. Fumito Ueda, mtengenezaji wa Ico ya 2001, amekiri kwamba alichota kutoka gemu hili, na ukiicheza Ico utaona alichota hasa wapi.

Bunduki nayo inastahili kusifiwa kwa urefu. Kitufe kimoja kinafanya kazi tatu. Bonyeza kidogo, inatoa risasi. Shikilia, inaweka ngao ya mwanga mbele yako. Shikilia zaidi, inatoa mlipuko unaovunja ngao za adui na hata kuta. Kwa hiyo pambano linageuka kuwa ubishi wa kuta: unajenga, anabomoa, unajenga nyingine nyuma yake, unasubiri nafasi. Mwaka 1991 hilo lilikuwa wazo la kipekee, na mpaka sasa magemu machache yamelifikia kwa usafi wake.

Na ni bunduki hiyo hiyo inayobeba kasoro ambazo sikubali kuzitetea. Chaji yake inaisha. Kuna mahali ndani ya jengo pa kuichaji, lakini skrini haikuoneshi imebaki kiasi gani. Mtu anaweza kufyatua milipuko ovyo, akaishiwa, akafika kwenye ukuta unaohitaji mlipuko akiwa hana kitu, asijue kwamba kosa alilifanya zamani. Vilevile kitufe cha kupiga teke, kukimbia na kufyatua ni kimoja, na mwili wa Lester, kwa sababu mwendo wake umenakiliwa kutoka kwa binadamu, unachelewa kugeuka. Kwenye mandhari ya kutembea uchelewaji huo unampa uzito wa kweli. Kwenye mapigano ya mwishoni, adui wakifyatua mara tu unapoingia, unakufa wakati kidole chako kilishatoa amri na mwili bado unageuka.

Kipimo changu cha kutenganisha ni hiki: asichokijua Lester, nami nisikijue, anachokijua Lester, niambiwe. Lester hajui ruba wana sumu, hajui mfungwa mwenzake ni mwema, hajui maji ya pangoni yatakwenda wapi akibomoa ukuta unaoyazuia. Ukimya juu ya hayo ni roho ya gemu. Lakini mtu aliyeshika bunduki mkononi angeona mwanga wake umefifia. Angejua mguu wake umeelekea wapi. Kumficha mchezaji mambo hayo hakuongezi ugeni wa sayari. Kunaongeza tu usumbufu, na mchezaji anahisi tofauti hata kama hawezi kuieleza: kwenye kifo cha kwanza anasema sayari hii ni hatari, kwenye cha pili anasema gemu hili ni bovu.

Kasoro ya tatu iko nje ya kipimo hicho, nayo ni urejeshwaji. Ukifa unarudishwa mwanzo wa sehemu, na ili kuendelea siku nyingine unaandika msimbo wa herufi nne uliopewa. Baadhi ya sehemu ni ndefu. Mapangoni unalazimika kufanya mambo kadhaa kwa mpangilio, na ukikosea la mwisho unayarudia yote, hata yale uliyokwisha kuyaweza. Kifo cha kwanza kilikufundisha kitu. Marudio ya dakika tano kabla ya kupata nafasi ya kujaribu tena hayakufundishi chochote. Hofu nayo inageuka kero, kwa maana hakuna mtu anayeendelea kuogopa korido anayoipita kwa mara ya kumi.

Kuna wanaojibu kwamba bila marudio hayo gemu lingekwisha upesi mno. Ni kweli kwamba anayejua njia anaweza kulimaliza chini ya saa moja, na ni kweli kwamba ufupi huo uliwatia watu wasiwasi tangu mapema, ndiyo maana toleo la PC lilipata sehemu ya ziada. Lakini hoja hiyo inachukulia urefu kuwa thamani. Kazi iliyojaa mawazo haihitaji kurefushwa kwa kuzuia watu mlangoni. Kama tatizo lingekuwa ufupi, dawa ingekuwa skrini zaidi. Adhabu si skrini.

Na tunao ushahidi kwamba kasoro hii ingeweza kuondolewa bila kuigusa roho. Chahi alipopata tena haki za kazi yake, lilitoka toleo la 2006 lenye picha kali zaidi na vituo vingi vya kurudi, kisha toleo la miaka ishirini mwaka 2011, lililofika pia kwenye simu, likiwa na viwango vitatu vya ugumu. Sayari ilibaki ngeni vilevile. Mnyama bado anatisha. Kilichopungua ni kutembea korido zile zile. Urahisi wa kulihamisha gemu kutoka mashine moja hadi nyingine nao una chanzo chake: Chahi aliandika mantiki yote ya mchezo kwa lugha ndogo ya kompyuta aliyoibuni mwenyewe, inayosomwa na programu ndogo iliyoandikwa kwa ajili ya kila kompyuta. Anayetaka kulipeleka kwenye mashine mpya anaandika upya ile programu ndogo tu, na dunia nzima inafuata. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la MoMA la New York liliingiza Another World katika magemu 14 ya kwanza ya mkusanyiko wake, na bila ubunifu huo wa kiufundi sidhani kama lingekuwa bado linachezeka kwa urahisi namna hii.

Warithi wake wanaonesha kwamba kusahihisha nako kuna mtego. Inside ya kampuni ya Playdead kutoka Denmark, iliyotoka 2016, ni mjukuu wa wazi: mvulana anayekimbia kwenda kulia, dunia ya maabara na watu wanaoendeshwa akili kwa kofia maalumu, hakuna neno hata moja. Ukifa, unarudishwa hatua chache tu nyuma. Ni ufundi wa hali ya juu, na vidhibiti vyake havina hata moja ya lawama nilizotaja. Lakini baada ya muda fulani kifo kinakuwa rahisi mno. Mbwa wakimrarua mvulana unasikitika kidogo, unajaribu tena papo hapo, na polepole unaanza kuyaona mafumbo badala ya hatari. Chahi alikuwa ameliweka kosa liwe na uzito. Alizidisha kiasi, lakini Playdead nao walirudi nyuma kupita nilivyotaka.

Kwa mtu anayelianza leo, ningemshauri achukue toleo la 2011, aweke michoro ya asili, azime vishawishi vyovyote vya kusoma mwongozo, na achague ugumu wa kati. Akifika kwenye gari la vita, karibu na mwisho, atajikuta amekaa ndani ya mashine yenye ubao wa vitufe vingi visivyo na maandishi, uwanja umejaa maadui, na mashambulizi yameanza. Wapo wanaoitaja sehemu hiyo kama mfano wa ubaya wa gemu: unabonyeza ovyo bila kujua. Mimi naiweka katika sehemu zake bora. Lester hajawahi kuiona mashine ile maishani mwake, vitufe vyake vimeandikiwa watu wengine, na yeye pia anabonyeza ovyo, mpaka kimoja kinamrusha yeye na rafiki yake nje ya uwanja na kuwaangusha katikati ya watu wanaooga.